Scikit-learn: laibrari ya bure ambayo kifaa chake bora ni modeli isiyojua kitu

Wakuu, kila siku mtu anauliza akitaka kuanza mashine lening (kompyuta kujifunza kutabiri kutoka kwenye data) atumie nini, na majibu huwa yaleyale, mara deep learning (mitandao mikubwa ya neva bandia), mara tafuta GPU kwanza, ile chipu ya kuharakisha hesabu, mara soma aljebra mpaka uote mvi ndo uguse data. Mimi leo naleta rivyuu ya kitu cha siku nyingi, scikit-learn, laibrari ya Python yenye modeli zilizoandikwa tayari, mana matatizo mengi ya kweli yapo kwenye jedwali la kawaida tu lenye mistari na kolamu, nani atakosa miadi, mashine ipi itakufa wiki ijayo, mteja yupi anajiandaa kuhama, mzigo upi utachelewa, na hayo yote hii laibrari inayamaliza kwenye laptopu ya kawaida bila mbwembwe. Naipa nyota nne kwa tano.

Historia fupi kwa wasioijua. Ilianza 2007, kazi ya David Cournapeau kwenye Google Summer of Code (mpango wa Google wa kulipia watu waandike programu huria), alafu 2010 watu wa INRIA, taasisi ya utafiti wa kompyuta kule Ufaransa, wakaishika na toleo la kwanza la wazi likatoka Februari ya mwaka huo. Vesheni 1.0 imekuja 2021, yaani zaidi ya miaka kumi jamaa wanakwambia bado tupo sifuri pointi kitu wakati watu walishaiweka kwenye kazi rasmi kitambo. Leseni ni BSD, unaitumia hata kwenye biashara na hakuna anayekudai.

Kinachowavuta watu ni urahisi. Unaita fit modeli ijifunze, unaita predict ikupe jibu, basi. Logistiki (regresheni ya logistiki, inayokupa uwezekano wa jambo kutokea) ni fit na predict, msitu wa miti (random forest, miti mingi ya maamuzi inayounganishwa) ni fit na predict, majirani wa karibu (inaangalia mistari inayofanana na wako) ni fit na predict, ukitaka kubadilisha modeli unagusa mstari mmoja wa programu na kazi inaendelea. Kwa upande wa ubunifu wa kiufundi hapo nawavulia kofia, laibrari nyingi zilizokuja baadae zimeiga mtindo huohuo. Ila sasa urahisi huo ndo unaozaa ugonjwa ninaouona kila mahali: mtu ana data leo, jioni ameshajaribu modeli kumi na mbili, amepanga asilimia kwenye jedwali, aliyeshinda ana asilimia 93, anapost kwa furaha, na hajajiuliza hata mara moja hiyo 93 ni ya kushinda nini.

Ndo maana nasema kifaa bora kuliko vyote humo ndani ni DummyClassifier. Wengi hawajawahi hata kuiimport. Ni modeli bubu, haisomi kolamu zako kabisa, inaangalia tu jibu lipi lipo kwa wingi kwenye data ya mafunzo na kila ukiiuliza inakujibu hilohilo. Unaweza ukacheka, ila tuchukue mfano wa kliniki yenye miadi 1000, na kati ya hiyo watu 80 hawakutokea. Modeli bubu itasema wote watakuja. Itapatia 920. Hiyo ni asilimia 92 bila kujua jina wala umri wala siku wala chochote! Sasa yule wa 93 amefanya nini cha maana? Amepanda pointi moja juu ya kitu kisichojua kitu, na inawezekana kabisa pointi hiyo ni bahati ya namna data ilivyogawanywa.

Na usiishie kwenye asilimia ya usahihi. Modeli bubu ukiiomba uwezekano badala ya jibu itampa kila mtu 0.08, na ukiipima kwa alama ya Brier (ni wastani wa mraba wa tofauti kati ya uwezekano uliotabiri na kilichotokea, na laibrari inayo tayari, brier_score_loss) unapata 0.08 mara 0.92, yaani 0.0736. Hiyo ndo namba ya kupigana nayo, na kwenye Brier ndogo ndo bora. Modeli yako ikikupa 0.073 rudi nyumbani ukalale, ikikupa 0.055 hapo tunaweza tukaongea. Ninachokipenda ni kwamba mtihani huu hauna heshima kwa mtu, uwe na neva bandia za kutisha au regresheni ya darasani, wote mnaanza kwa kupambana na bubu.

Kuna kitu kingine kinachotokea kwenye data kama hiyo na watu wanachanganyikiwa sana. Unafundisha logistiki nzuri tu, unaita predict, inakwambia watu wote watakuja, hakuna hata mmoja wa kukosa. Unadhani imevunjika. Haijavunjika, predict kwa majibu mawili inakata kwenye nusu, yaani ili iseme fulani atakosa lazima uwezekano wake uzidi 0.5, na kama wastani wa wote ni 0.08 hata mtu mkorofi wa miadi anaweza kuwa kwenye 0.3 tu. Taarifa ipo, ila predict imeitupa kabla haijakufikia. Hii ndo sababu nimekata ile nyota moja, kwa sababu hapo laibrari imekufanyia uamuzi wa maisha ya kweli kimyakimya, na uamuzi huo ilitakiwa ufanye wewe na hesabu yako.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kumpigia mtu simu kumkumbusha kunakugharimu 1, nafasi ya daktari ikipotea unapoteza 10, na simu inaokoa nusu ya wale waliokuwa wakose. Mtu mwenye uwezekano p, faida ya kumpigia ni nusu mara 10 mara p, toa 1. Yaani 5p toa 1. Inakuwa chanya p ikizidi 0.2. Kwaiyo mstari wako wa kukata ni 0.2, na ukiacha ile 0.5 ya difolti (inayokuja yenyewe usipobadilisha kitu) unawaruka watu wote wa 0.3 na 0.4 ambao kila mmoja angekulipa. Simu ikiwa ghali zaidi mstari unapanda, nafasi ikiwa na thamani zaidi mstari unashuka. Namba hizo tatu, gharama ya simu, hasara ya nafasi na nguvu ya simu, hazipo kwenye jedwali lako na hakuna algorithimu itakayokutolea, inabidi uinuke ukamuulize mtu wa mapokezi na mtu wa fedha. Kwa maoni yangu hiyo ndo hisabati tumizi yenyewe, nusu yake ni kuuliza watu maswali.

Niwatendee haki, tangu vesheni 1.5 ya 2024 kuna TunedThresholdClassifierCV inayokutafutia mstari wa kukata kulingana na kipimo utakachompa, na unaweza kumpa kipimo chako mwenyewe cha faida na hasara. Ni hatua nzuri sana, imechelewa tu.

Ila hesabu ya 0.2 inafanya kazi endapo uwezekano ni wa kweli, yaani kati ya watu mia waliopewa 0.2, ishirini hivi wakose kweli. Hapa scikit-learn inakupa vifaa vizuri, kuna kuchora mkunjo wa ulinganifu (calibration curve, unaolinganisha uwezekano uliotabiriwa na kilichotokea kweli) na kuna CalibratedClassifierCV ya kurekebisha. Naive Bayes kwa mfano, modeli inayochukulia kila kolamu inajitegemea, inajulikana kwa kujiamini kupita kiasi, inasukuma watu kwenye 0 na 1, na msitu wa miti una tabia ya kinyume, unaogopa ncha. Mtego mkubwa ni ule wa kuweka balanced kwenye class_weight, mpangilio wa uzito wa kila jibu, ushauri unaogawiwa bure kila kona ukisema tu data yangu haina uwiano. Ukiuweka, modeli inafundishwa kana kwamba waliokosa ni nusu ya dunia, kwaiyo uwezekano wote unavimba na ule 0.2 wako haumaanishi tena kitu. Usahihi wa kupanga watu nani juu nani chini unaweza ukabaki vilevile, ila namba zenyewe zimekuwa uongo. Kama unajua gharama zako, acha data ilivyo, sogeza mstari wa kukata.

Sasa tuje kwenye Pipeline, namba mbili kwenye orodha yangu ya vitu bora. Inaunganisha hatua zako zote, kujaza mapengo, kusawazisha vipimo, kuchagua kolamu, modeli, vinakuwa kitu kimoja chenye fit na predict. Wengi wanadhani ni ya kufanya msimbo upendeze. Hapana, kazi yake ni kuzuia uvujaji wa taarifa, yaani modeli kuchungulia data ya mtihani kabla ya mtihani. Kwenye maelezo yao wenyewe wana ukurasa wa mitego, wametengeneza data ya takataka tupu, mistari 200 na kolamu 10,000 za namba za bahati nasibu, jibu nalo la bahati nasibu, hakuna kitu cha kujifunza hata chembe. Ukichagua kolamu bora 25 kwa kuangalia data yote alafu ndo ugawanye mafunzo na mtihani, unapata usahihi wa asilimia 76 hivi. Ukigawanya kwanza alafu ndo uchague, unarudi nusu kwa nusu kama kurusha shilingi. Yaani pointi zaidi ya 20 zimetoka hewani, na hakuna ujumbe wa makosa, hakuna rangi nyekundu, kila kitu kinaenda vizuri. Ukiweka uchaguzi wa kolamu ndani ya Pipeline na kuipitisha yote kwenye cross_val_score (inagawanya data mara kadhaa, kila mara kipande kingine kikiwa mtihani), tatizo hilo linakufa lenyewe.

Uvujaji ambao Pipeline haiuwezi ni ule uliomo ndani ya kolamu zenyewe. Kwenye mfano wetu wa miadi, tuseme kuna kolamu ya "idadi ya ujumbe uliotumwa", na mfumo unatuma ujumbe wa ziada kwa mtu aliyekosa ili apange upya. Modeli itaipenda hiyo kolamu kuliko mama mzazi. Kwenye mtihani itang'aa, siku ya kazi halisi ujumbe huo haujatumwa bado kwa sababu mtu hajakosa bado, na modeli inakuwa kipofu. Dawa ni kuuliza kila kolamu swali moja, thamani hii iliandikwa lini, kabla au baada ya tukio? Ukiona alama ni nzuri mno usishangilie, nenda kaangalie saa.

Namna ya kugawanya data nayo wameifikiria. train_test_split inachanganya mistari na kukata robo ya mtihani, sawa kwa kuanzia. Ila kama data ina mpangilio wa muda tumia TimeSeriesSplit, usimfundishe mtu na ya kesho umtahini na ya jana, na kama mtu mmoja ana mistari mingi tumia GroupKFold ili asiwe pande zote mbili. Watu wanaona haya ni mapambo. Mwaka 2018 ilitoka tafiti ya Marekani kuhusu mitandao ya neva ya kutambua nimonia kwenye picha za eksirei za kifua, na ikaonekana kwamba kwa sehemu kubwa ya ulinganisho modeli zilifanya vizuri kwenye picha za hospitali zilikofundishiwa na vibaya zaidi kwenye hospitali ya nje, na walipoujaribu mtandao uliweza kutambua picha imetoka mfumo gani wa hospitali karibu bila kukosea. Hospitali moja ikiwa na wagonjwa wengi kuliko nyingine, kujua hospitali tu tayari ni nusu ya jibu. Ukigawanya kwa hospitali badala ya kwa picha, jambo hilo linakuja mezani mapema kabla ya mgonjwa hajafika.

Kitu ambacho hakuna laibrari itakusaidia, na usiilaumu hii, ni kuchagua nini cha kutabiri. Mwaka 2019 jarida la Science lilitoa tafiti ya Obermeyer na wenzake kuhusu algorithimu iliyokuwa ikitumika sana Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Ilitabiri gharama za matibabu kama kiwakilishi cha ugonjwa. Kihisabati ilifanya kazi yake, gharama ilizitabiri vizuri. Tatizo ni kwamba wagonjwa Weusi walikuwa wanatumiwa pesa kidogo kuliko Weupe wenye ugonjwa wa kiwango kilekile, kwaiyo ukitabiri pesa unawaona Weusi wana afya kuliko walivyo. Kosa lote lipo kwenye ile y, yaani kolamu ya jibu, unayoiweka kwenye fit. Mstari mfupi kuliko yote kwenye programu.

Na kuna lile la nimonia na pumu, utafiti wa miaka ya tisini huko aliouelezea tena Caruana na wenzake 2015. Modeli ilijifunza kwamba mgonjwa wa nimonia mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa. Data haikudanganya! Wenye pumu walikuwa wanakimbizwa uangalizi maalumu moja kwa moja, wakapona. Ukiitumia modeli hiyo kuamua nani arudi nyumbani, unawarudisha nyumbani haohao ambao uangalizi ndo uliwaokoa. Mfano wangu wa simu hapo juu nao una shimo hilohilo ukiutazama vizuri: nimesema simu inaokoa nusu, lakini predict haijui kitu kuhusu nguvu ya simu, inajua tu nani atakosa mambo yakiendelea kama yalivyokuwa. Nguvu ya simu inatafutwa kwa jaribio, unawapigia wengine kwa kura na wengine huwapigii, alafu unalinganisha. Scikit-learn haina mlango wa hilo, tafuta kwingine.

Kwingine pia utaenda ukitaka kupanga baada ya kutabiri. Unajua nani huenda akakosa, haya, nani sasa awekwe saa ngapi na daktari yupi? Hiyo si kujifunza tena, hiyo ni uboreshaji (kutafuta mpango bora kuliko yote), na SciPy, laibrari nyingine ya hesabu za Python, inayo linear_sum_assignment ya kugawa watu na nafasi, tatizo ambalo mwanahisabati Kuhn alilitolea njia tangu 1955. Inachekesha ukiona mtu anafundisha neva bandia wiki nzima kwa kitu ambacho hiyo inamaliza kufumba na kufumbua, tena kwa jibu lililothibitishwa kuwa bora kabisa.

Lawama ndogondogo nizipitie haraka. LogisticRegression ya difolti inabana vigawo visiwe vikubwa (kwa adhabu iitwayo L2) bila kukuuliza, C, namba inayopanga ukali wa kubana, ikiwa 1.0, kwaiyo mtu wa takwimu akilinganisha na programu yake nyingine anapata namba tofauti na anapandwa na presha. Ukitaka thamani za p za takwimu (p-value, si ile p ya uwezekano hapo juu) na vipindi vya imani hapa si mahali pake, nenda laibrari ya statsmodels. GPU kwa sehemu kubwa hakuna, msaada upo kidogokidogo na bado ni wa majaribio. Ile feature_importances_ ya misitu, orodha ya kolamu zipi zina umuhimu, inapendelea kolamu zenye thamani nyingi tofauti, hata namba ya usajili inaweza kuonekana ya maana, tumia permutation_importance kwenye data ya mtihani. Na modeli uliyoihifadhi kwa pickle (njia ya Python ya kuhifadhi vitu kwenye faili) vesheni moja, kuifungua na vesheni nyingine hawakuhakikishii, tena faili la pickle la mtu usiyemjua usilifungue kabisa mana linaweza kuendesha msimbo wowote kwenye mashine yako.

Sifa moja ya mwisho kwa watunzaji. Kwa miaka mingi ndani ya laibrari kulikuwa na data ya mazoezi ya bei za nyumba za Boston, mistari 506, kila kozi ya mtandaoni iliitumia. Ilikuwa na kolamu moja iliyotengenezwa kutokana na idadi ya watu Weusi kwenye mtaa, ikichukulia kwamba ubaguzi una athari kwenye bei. Wakaiwekea onyo kwenye 1.0 na kuiondoa kabisa kwenye 1.2, na anayejaribu kuiita anakutana na ujumbe unaoeleza kwanini. Masomo mengi ya zamani yakavunjika siku hiyo, wao wakaendelea na kazi.

Kwa anayeanza leo: chukua vesheni mpya, anza na HistGradientBoosting (miti ya maamuzi inayojengwa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukirekebisha makosa ya iliyotangulia) kwa jedwali kubwa mana inavumilia mapengo yenyewe bila kujaziwa, logistiki kwa dogo, na kabla ya zote mbili weka bubu kwenye seli ya kwanza ya daftari lako, uandike alama yake juu kabisa ambapo bosi ataiona.